Jina la Esposito limetoka wapi, na namna ya kulifuatilia mpaka ukutani (mwongozo kamili)

Huku Malindi jina la Kitaliano halimshtui mtu. Waitalia wako hapa miaka na mikaka, wamejenga hoteli, wameoa, wengine wameacha, na mtaani kuna vijana kibao wana majina yao hata kama lugha yenyewe hawaijui zaidi ya ciao. Mmoja wao, jirani yangu, alinijia jioni moja nimekaa barazani na kahawa yangu, akanipa simu, "Ami, wewe si unajua Kitaliano, hebu niangalizie ukoo wetu sisi kina Esposito ni wa wapi." Nikacheka, wallahi sio kwa dharau, ni vile katika majina yote ya Italia amepewa lile jina la ukoo ambalo lenyewe halina ukoo.

Nilivyomsaidia yeye ndo nimeona niandike hapa, hatua kwa hatua, maana hata kama jina lako ni Russo au Colombo njia ni ileile, tofauti ni hadithi tu.

Kwanza jua jina lenyewe

Esposito linatoka kwenye Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje, aliyeachwa nje. Walikuwa wakipewa watoto wachanga wa kuokotwa, wale wazazi wao hawajulikani. Na kabla hatujaenda mbali, linatamkwa esPOsito, mkazo kwenye PO. Sisi ulimi wetu wa Kiswahili unatuvuta kwenye silabi ya pili toka mwisho tunasema espoSIto, hata Wamarekani wanasema hivo, ila Mnapoli akikusikia atajua tu wewe ni mgeni.

Kitovu chake ni Napoli, na Napoli yenyewe kitovu ni nyumba moja inaitwa Santa Casa dell'Annunziata, ya tangu karne ya 14, pande za Forcella. Ukutani palikuwa na tundu, ndani ya tundu kuna pipa la mbao linalozunguka, wao wanaita ruota. Mama, au mkunga, au mtu yeyote aliyetumwa, mara nyingi usiku, anamlaza mtoto ndani ya pipa, anapiga kengele, anaondoka. Mwanamke wa zamu upande wa ndani anazungusha pipa, mtoto anaingia, na hao wawili hawakuonana hata uso. Karani anafungua daftari anaandika saa, umri wa kukadiria, nguo alizokuja nazo, na kama ana alama yoyote, kwa sababu wengine walimfungia mtoto nusu ya medali au kipande cha kitambaa, nusu ya pili anabaki nayo mama, ili siku akirudi kumdai zile nusu mbili ziletwe pamoja zionekane zinaoana. Shingoni anavalishwa kamba yenye kipande cha risasi (risasi ya madini, sio ya bunduki) kina namba yake. Anabatizwa, anapewa jina, na la pili linakuwa Esposito.

Halafu wengi hawakukaa pale. Walipelekwa kwa wanawake wa kunyonyesha, wengine mbali huko vijijini, kwa malipo, na wengine wakakulia hukohuko wakaoa hukohuko. Ndo maana jina limeenea Campania nzima na sio mjini Napoli peke yake.

Sasa shika hili kabla ya kitu kingine chochote: Esposito sio familia moja kubwa. Ni familia nyingi mno, kila moja ilianza kivyake, usiku wake, kwa miaka mia kadhaa, na Esposito wawili wakikutana wanaweza wasiwe na tone moja la damu linalofanana. Kwa hiyo ukifuata jina utapotea. Unafuata mtu mmoja, mji mmoja, karatasi moja baada ya nyingine.

Tarehe mbili za kushika. Enzi za Gioacchino Murat, yule shemeji yake Napoleon aliyekuwa mfalme wa Napoli kuanzia 1808 mpaka 1815, walipiga marufuku kuwapa watoto wa kuokotwa jina linalowatangaza, wakawa wanabuniwa majina mengine. Na ruota ya Annunziata ilifungwa 1875. Maana yake nini kwako? Babu yako akiwa Esposito wa mwaka 1880, yeye hakuokotwa, karibu hakika kalirithi kwa baba yake. Aliyeachwa kwenye pipa yuko juu zaidi, huko karne ya 18 au ya 17. Watu wengi wanakosea hapa, wanaona jina tu wanaanza kumlilia babu ambaye alizaliwa kitandani kwao na wazazi wote wawili.

Hatua ya 1: Anzia nyumbani, na unachotafuta ni mji

Usianze na intaneti. Anza na mama, bibi, shangazi, sanduku la zamani. Italia kila kitu cha mtu kiko kwenye comune yake, ile manispaa alikozaliwa, na bila kuijua hiyo comune hufiki popote, unaweza kukaa mwaka mzima unasoma habari za kina Esposito wa watu wengine.

Yule kijana jirani yangu alisema baba yake ni wa Milano. Mama mtu naye akasema Milano. Mtaa mzima Milano. Nikamwambia mama, hebu tafuta karatasi yoyote, yoyote ile, hata ya duka. Akaleta mfuko wa nailoni, picha, kadi ya Krismasi, na risiti ya famasi ya Kitaliano imefifia. Ile risiti ndo ilikuwa mali, maana famasi za Italia zinachapa codice fiscale ya mteja, namba yao ya kodi, na hiyo namba inasema kila kitu ukijua kuisoma.

Ina herufi na tarakimu 16. Chukua huu mfano wa kubuni, Giovanni Esposito aliyezaliwa tarehe 19 Machi 1952 mjini Napoli: SPS GNN 52C19 F839 na herufi moja ya mwisho ya kuhakiki. SPS ni konsonanti tatu za mwanzo za Esposito. GNN ni za Giovanni, ila jina la kwanza likiwa na konsonanti nne au zaidi wanachukua ya kwanza, ya tatu na ya nne, ndo maana V imerukwa. 52 ni mwaka. C ni mwezi, na hapa angalia hawafuati mpangilio wa kawaida moja kwa moja: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, kisha wanaruka, H Juni, L Julai, M Agosti, P Septemba, R Oktoba, S Novemba, T Desemba. 19 ni siku, na akiwa mwanamke wanaongeza 40, kwa hiyo mwanamke wa siku hiyo angeandikwa 59. Halafu F839, hiyo ndo comune ya kuzaliwa. Milano ni F205, Roma H501, na ikianza na Z ujue kazaliwa nje ya Italia.

Risiti ya mama ilikuwa na F839. Mtu wa Napoli kabisa, Milano alikwenda kutafuta kazi kama maelfu ya watu wa kusini walivyopanda treni kwenda kaskazini miaka ya hamsini na sitini. Mama akaangalia ile karatasi, akasema "kumbe", akarudi jikoni.

Kama huna codice fiscale, tafuta pasipoti ya zamani, cheti cha ndoa, picha yenye muhuri wa studio nyuma, kadi ya mazishi. Andika pia majina ya wote, na usidharau jina la kwanza. Desturi ya kusini mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vilevile kwa mabibi. Kama sisi tu. Kwa hiyo majina ya ndugu wa baba yako yanaweza kukuambia jina la babu yao kabla hujaona karatasi yoyote.

Hatua ya 2: Ramani ya jina, lakini kwa akili

Kuna websaiti zinachora jina limekaa wapi Italia, Cognomix ndo maarufu, na Forebears kwa dunia nzima. Ukiandika Esposito utaona Campania imewaka, hasa jimbo la Napoli, na mjini Napoli ndo jina namba moja. Orodha nyingi zinaliweka nafasi ya nne Italia nzima, nyuma ya Rossi, Russo na Ferrari. Utaona pia madoa Milano, Torino na Roma, hayo mengi ni ya wahamiaji wa ndani niliowataja, sio asili.

Ila ramani nyingi za namna hii zilijengwa kwa vitabu vya simu, na kitabu cha simu kinahesabu mwenye laini na sio watu wa nyumba nzima. Zichukue kama harufu, zikupeleke upande fulani, usizifanye sensa.

Ramani inasaidia zaidi kwenye majina ndugu. Miji mingi mikubwa ya Italia ilikuwa na jina lake la watoto wa kuokotwa. Firenze ni Innocenti, kutokana na Ospedale degli Innocenti, jengo lililochorwa na msanifu Brunelleschi, lililopokea mtoto wa kwanza 1445, binti wakamwita Agata Smeralda. Milano wengi waliitwa Colombo, kwa sababu hospitali yao ilikuwa na alama ya njiwa. Roma na Lazio ni Proietti, waliotupwa, Sicilia kuna Trovato, aliyepatikana, na Bologna utakuta Degli Esposti. Na majina ya kawaida pia yana pande zao: Rossi wa kaskazini na kati ndo Russo wa kusini, maana ni moja, mwekundu (wa nywele au ndevu), ile o au u ya katikati na mwisho wa -i au -o ndo vinakuonyesha walikotoka.

Na jihadhari na Sposito, Spósito, mara nyingi ni karani tu kaandika alivyosikia. Mtego mkubwa zaidi uko Argentina: Hispania nayo ilikuwa na watoto wake wa kuokotwa, wakaitwa Expósito, kwa hiyo Espósito wa Buenos Aires anaweza kuwa Mnapoli au Mhispania, na huwezi kujua kwa jina peke yake.

Hatua ya 3: Madaftari yenyewe

Hapa ndo utamu. Fungua Portale Antenati, ni ya hifadhi za serikali ya Italia na ni bure, picha za kurasa zenyewe za madaftari ya kuzaliwa, ndoa na vifo. FamilySearch nayo bure, unafungua akaunti tu. Napoli ilianza usajili wa serikali 1809, wakati wa Wafaransa, Sicilia 1820, na Italia nzima iliyoungana 1866, Roma na Veneto wakachelewa mpaka 1871. Ndo maana mtu wa Napoli ana bahati, anaweza kupanda miaka mia mbili bila kugusa kitabu cha kanisa.

Napoli mjini haiko daftari moja. Imegawanywa kwa quartieri, mitaa mikuu 12 ya zamani: San Ferdinando, Chiaia, San Giuseppe, Montecalvario, Avvocata, Stella, San Carlo all'Arena, Vicaria, San Lorenzo, Mercato, Pendino na Porto. Kama hujui mtaa utapitia zote, kaa na chai. Usisome ukurasa kwa ukurasa, nenda mwisho wa daftari kwenye indice, orodha ya majina, na mara nyingine kuna indice decennale ya miaka kumi kwa mpigo. Na mwenzangu ukifika kwenye herufi E ya Napoli utakuta Esposito kurasa kwa kurasa, Antonio Esposito peke yake wanaweza kuwa wengi mwaka mmoja. Unawatofautisha kwa baba na mama. Uzuri mwanamke wa Kiitalia hapotezi jina lake la kwao kwenye karatasi akiolewa, kwa hiyo "Antonio, baba Gennaro, mama Carmela Russo" tayari ni mtu mmoja.

Kitaliano chenyewe usikiogope, fomu ni ileile ilichapwa, kilichoandikwa kwa mkono ni majina na tarehe. Maneno ya kujua: nato kazaliwa, morto kafa, figlio di mtoto wa, domiciliato anakaa, marinaro baharia, contadino mkulima, filatrice mwanamke wa kusokota. Na kijineno kidogo cha herufi mbili, fu, ambacho watu wanakiruka: "Antonio di Gennaro" baba yu hai, "Antonio fu Gennaro" baba ni marehemu. Ukiona di mwaka 1841 na fu mwaka 1846, basi kifo cha Gennaro kitafute katikati ya hapo, umeokoa saa nzima.

Mtego mwingine ulinikamata mimi mwenyewe: 7bre. Nilisoma mwezi wa saba, nikatafuta Julai siku mbili nzima. Ni settembre, Septemba, kwa sababu sette ni saba kwa Kitaliano. 8bre Oktoba, 9bre Novemba, Xbre Desemba.

Kisha ndoa, na hii wengi hawaijui. Sheria za huko kusini zilimtaka anayeoa alete vyeti vyote, wakavifungia kwenye bahasha moja inaitwa processetti au allegati. Ndani kuna nakala ya ubatizo ya bwana na ya bibi harusi, kama baba amekufa kuna cheti cha kifo chake, na hapo mara nyingine wanataka mpaka cha babu. Yaani bahasha moja ya 1825 inaweza kukushusha mpaka vizazi vya katikati ya miaka ya 1700. Ukipata hiyo, usimwambie mtu, soma kwanza.

Hatua ya 4: Kuandikia comune

Miaka ya karibuni haiko mtandaoni, kwa hiyo baba na babu utawapata kwa kuandikia ofisi ya Stato Civile ya comune, ile ya kusajili vizazi, ndoa na vifo. Fupi na kwa Kitaliano, ukiomba dondoo ya cheti cha kuzaliwa, hivi:

"Gentile Ufficio di Stato Civile, chiedo cortesemente l'estratto dell'atto di nascita, con paternità e maternità, di (jina), nato a Napoli il (tarehe), figlio di (baba) e di (mama). Allego copia del mio documento. Cordiali saluti."

Ambatisha kitambulisho chako na karatasi inayoonyesha uhusiano. Copia integrale, nakala ya tendo zima neno kwa neno, ukiwa huna uhusiano wa kisheria wanatoa baada ya miaka 70. Na omba waziwazi majina ya wazazi yaandikwe, maana tangu sheria ya 1955 vyeti vya kawaida havitaji baba na mama. Sheria hiyo ilikuwa ya huruma, kabla yake mtoto asiye na baba alitembea na "di N.N." (yaani mtoto wa asiyejulikana) kwenye kila karatasi maisha yake yote, shuleni, jeshini, kazini.

Kwa wanaofanya haya sababu ya pasipoti ya Italia: mwaka 2025 Italia imekaza. Zamani ungeweza kupanda mpaka babu wa babu, sasa kimsingi wanaishia kwa mzazi au babu na bibi, tena kwa masharti. Jua hilo kabla hujalipa mtu wa kukutafsiria karatasi 20.

Hatua ya 5: Waliovuka bahari

Kati ya 1876 na 1976 Waitalia kama milioni 26 waliondoka kwao, na Napoli ilikuwa bandari kubwa ya kuondokea. Kina Esposito wakajaa New York, New Jersey, Buenos Aires. Ukiwa unatafuta aliyekwenda Marekani angalia orodha za abiria za Ellis Island, iliyofunguliwa 1892, na usiamini ile hadithi kwamba makarani wa pale walibadilisha majina ya watu. Orodha ziliandikwa na watu wa meli kabla ya safari, pale Ellis Island walizifuata tu, jina mtu alilibadilisha mwenyewe baadaye mtaani au kazini. Wanawake watafute kwa jina la kwao, sio la mume.

Jina limefika mbali. Phil Esposito wa mpira wa magongo wa barafu ni Mkanada. Giancarlo Esposito mwigizaji alizaliwa Copenhagen 1958, baba Mnapoli, mama Mmarekani mweusi. Na pizza ya Margherita yenyewe, hadithi ya Napoli inampa Raffaele Esposito, 1889, kwa ajili ya malkia.

Hatua ya 6: Ukifika kwenye ukuta

Siku moja utafika kwa mtu ambaye kwenye kitabu cha ubatizo hana baba wala mama. Hapo umefika kwa yule wa kwanza, na kupanda zaidi kwa jina hakupo. Kilichobaki ni daftari za Annunziata zenyewe, ambako unaweza kukuta saa aliyoingia na nguo alizovaa. Angalia pia pembeni mwa ukurasa, makarani waliandika hapo kama mzazi alirudi kumtambua mtoto.

Vipimo vya DNA vinaweza kuvuka ukuta ambao karatasi haivuki. Mwanaume apime Y-DNA, inayotoka kwa baba kwenda mwana, na asishangae wanaofanana naye wakiwa na majina mengine kabisa. Hapo sio kosa la maabara. Baba wa yule mtoto wa kwenye pipa alikuwa na jina lake, na hao wanaofanana nawe huenda ndo wamebaki nalo.

Kitu cha kutofanya ni kununua nembo ya ukoo. Mimi miaka ya nyuma nililipa duka moja la mtandaoni dola 35 wanitengenezee ya rafiki yangu Mtaliano kama zawadi, ikaja na simba, taji na karatasi ya kuchomwa pembeni ionekane ya kale. Na yeye ni Esposito! Aliitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

Ukipata nafasi ya kufika Napoli, lile tundu bado lipo ukutani Annunziata, na pipa lenyewe unaliona kwa ndani.

Kijana wangu yeye bado yuko hatua ya nne. Emaili tumetuma, kila Ijumaa baada ya sala anapita barazani kuuliza kama wamejibu. Bado. Ila espoSIto ameshaacha kusema.